Usingizi Huu ni wa Mimba ya Nani?

Kasongo, tarehe 11 Mei 1952

Kwa bibi yangu Régina, nyumbani kwa mama yako, Kabambare.

Salamu nyingi kwako, kwa mama mkwe, na kwa huyo aliye tumboni. Mimi ni mzima. Nyumba ndiyo mgonjwa. Tangu nilipokupeleka kwenu ukajifungulie mikononi mwa mama yako, imekuwa kubwa kupita kiasi. Nikirudi safari napiga hodi mlangoni, halafu najikaribisha mwenyewe. Jirani yetu Julienne alinisikia juzi, akacheka mpaka akamwaga maji yake ya kisimani. Acha acheke. Mtu akikaa peke yake lazima aongee na mlango.

Pamba imeanza kununuliwa, na patron, mwenye lori, hataki kuona lori limesimama. Leo Nyangwe, kesho Lusangi, keshokutwa huko kwenu. Nikipita Kabambare wakati wa kupakia nitakuona, lakini kapita, msimamizi wetu, anatuhimiza sana, hatupewi nafasi hata ya kunywa maji.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Siku hizi ninalala. Usiku nakodoa macho tu kama mlinzi, ila mchana nalala nikila, nalala nikizungumza, nalala magunia yakipakiwa. Juzi nilikuwa natoka Nyangwe. Nikakumbuka kwamba mbele kuna soko la njiani, ninunue ndizi. Kutahamaki niko Kasongo mbele ya gereji, mikono ipo kwenye usukani, ndizi hakuna. Hapo katikati sikumbuki kitu. Lori lilijileta lenyewe kama mbuzi anayejua kwao.

Nikamweleza Atumani, fundi wetu. Akaweka spana chini akasema, "Ndugu, weye ndiye iko na mimba! Bibi anabeba tumbo, bwana anabeba usingizi. Baba yangu alilala vile vile wakati miye nilikuwa tumboni. Siku nilizaliwa, akaamuka." Gereji nzima sasa wananiita Mama Mjamzito, na wananiuliza natamani udongo wa wapi.

Kwa hiyo kosa ni lenu ninyi wawili. Mwambie huyo mtoto aniache niendeshe.

Ni mimi bwana wako,
Hippolyte

---

Kabambare, tarehe 25 Mei 1952

Bwana wangu Hippolyte,

Barua yako nimeisoma mbele ya mama, na mama amecheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Kisha akasema kwa furaha kabisa, "Ni vizuri! Mutoto amemupenda baba yake. Mwanaume mwenye hasinzii kabisa wakati ya mimba, moyo yake iko mbali." Amewatangazia wanawake wote hapa. Kisimani wananiuliza, mume wako amelala mara ngapi leo? Nimekuwa mke wa mtu mashuhuri.

Mimi nimevimba miguu, sili kitu ila mihogo ya kuchoma. Mbuzi wa mama amezaa, mapacha, mmoja mweusi mmoja mweupe.

Lakini Hippolyte, habari ya ndizi sikuipenda. Kulala mezani ni sawa, kulala kwenye usukani si sawa. Usingizi ukija, simamisha lori, lala, kapita apige kelele zake. Sikuolewa na lori.

Jambo jingine, nakukumbusha kwa sababu wewe ni mtu wa Kasongo na ninyi mnasahau mambo ya wenzenu. Hapa kwetu mtoto wa kwanza hatoki nyumbani kwa bibi yake mpaka baba aje mwenyewe amchukue mbele ya watu. Ndugu hatumwi, rafiki hatumwi. Baba asipokuja, ni kwamba amemkataa, na mama yake anabaki hapo kwao kama chungu kilichorudishwa sokoni. Kwa hiyo ujiandae. Uje na lori limeoshwa.

Wako,
Régina

---

Kasongo, tarehe 22 Juni 1952

Bibi yangu,

Nimechelewa kukuandikia, usikasirike. Jua ni kali, vumbi la barabara limenikaa kifuani, na kichwa kinauma kila jioni. Nimekonda kidogo. Atumani anasema mtoto atakuwa mkubwa, ndiyo maana ananimaliza.

Je, yule mbuzi wa mama amezaa?

Taa ya mbele ya lori imevunjika. Ni tawi la mti tu, lilikuwa limeinama barabarani. Patron alinitukana lakini imekwisha. Ninatafuna sana kahawa mbichi ili nikae macho. Ninajipaka pilipili kwenye ufizi. Ninaimba. Wanaosafiri nami juu ya magunia wanadhani nina furaha nyingi.

Jumapili nilikwenda misa, nikaamka watu wote wameshatoka na katekista anafagia. Alinitazama kwa huruma, pengine alidhani ninasali sana. Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini. Nilitamani kusikia mtu ananigombeza. Wewe unagombeza vizuri, Régina, nilikuwa sijui kwamba ni kitu cha kutamaniwa.

Je, yule mbuzi wa mama amezaa? Hujanieleza.

Hapo juu kalamu iliteleza, ndiyo maana unaona mstari umeshuka mpaka chini. Nilisinzia. Zaa upesi, mke wangu, nipumzike. Nimechoka na mimba hii.

Hippolyte

---

Kabambare, tarehe 13 Julai 1952

Baba mtoto!

Nakuita hivyo kwa mara ya kwanza. Amezaliwa Alhamisi, adhuhuri, msichana. Ana nywele nyingi na sauti ya kapita. Mimi ni mzima. Mama hamwachi mtu yeyote amshike, hata mimi naomba zamu.

Umeniuliza habari ya mbuzi mara mbili katika barua moja, na nilikuwa nimekwisha kukueleza. Nilisema basi, mwanaume amebebeshwa usingizi mpaka akili imelala pia. Lakini sasa imekwisha. Mama aliposikia mtoto analia tu alisema, "Saa hii kule Kasongo baba yake ameamuka." Tukacheka wote, na mimi nikiwa bado na maumivu.

Jina bado. Jina ni lako kumpa, siku utakapokuja kutuchukua. Sasa hivi anaitwa Mgeni tu. Njoo upesi, maana wageni hapa hulishwa wiki moja, baadaye hupewa jembe.

Nimekukumbuka sana. Nasema wazi, wala sioni haya.

Régina

---

Kasongo, tarehe 3 Agosti 1952

Mama mtoto wangu,

Nilipopata barua nilikimbia mpaka gereji nimeinua karatasi juu. Atumani alipiga honi ya lori mpaka patron akatoka nje. Msichana! Nilinunua kanga kwa ajili yako na kitambaa cheupe kwa ajili yake. Vimewekwa kitandani upande wako, ili kitanda kisiwe kitupu.

Lakini Régina, usingizi haukukwisha. Nilingoja. Siku ile ya furaha nilijiona mwepesi, nikasema basi nimejifungua na mimi. Kesho yake nililala na kijiko mkononi. Siku hizi umekuwa mwingine. Sisinzii kwanza. Naona barabara, naona barabara, halafu hakuna, halafu naona barabara tena lakini ni mahali pengine. Atumani siku hizi hatanii. Akiniona anageuka, anatafuta bolti ya kukaza.

Nadhani ni uchovu wa msimu wa pamba. Nivumilie kidogo kabla ya kuja kuwachukua. Nikipumzika nitakuja.

Mbusu Mgeni kwenye utosi.

Hippolyte

---

Kabambare, tarehe 17 Agosti 1952

Hippolyte,

Sikujua niandike salamu gani, kwa hiyo naanza bila salamu.

Niliisoma barua yako mbele ya mama, kama ninavyozisoma zote. Nilipofika pale unaposema usingizi haukukwisha, mama alimlaza mtoto mkekani, akanitazama. "Mimba yako imekwisha," akasema. "Mutoto huyu hapa. Sasa usingizi ule ni ya mimba ya nani?"

Halafu nikahesabu mambo. Taa iliyovunjwa na tawi. Barua ndogo ndogo. Kuniuliza mambo ya mbuzi kana kwamba husomi ninayokuandikia. Na sasa "nivumilie kidogo". Nimewauliza madereva wanaopita hapa. Wanainama, wanasema Hippolyte siku hizi haonekani, akishusha mzigo anakwenda kujificha. Anajificha kwa nani?

Kama kuna mwanamke mwingine Kasongo mwenye mimba yako, niambie kwa kalamu yako mwenyewe. Nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini usinifanye niwe wa kuchekwa kisimani. Wale wale niliowasomea mambo ya usingizi wako kwa maringo, leo wananihesabia miezi ya mimba ya huyo mwingine.

Jumapili ya tarehe 31 Agosti watu wa kwetu watakuwapo. Mama ameweka kuku. Uje utuchukue siku hiyo. Usipokuja nitajua jibu, na mtoto nitampa jina mimi.

Régina

---

Kabambare, tarehe 1 Septemba 1952

Kwa Hippolyte, dereva.

Tulikuona.

Tulivaa tangu asubuhi. Mama alifungua ule mwavuli wake mweusi ambao huutoa kwa harusi tu. Mtoto alioshwa, akapakwa mafuta ya mawese, akafungwa mgongoni kwangu. Watoto wakapiga kelele, lori! lori! Nikatazama. Lori lako lilikuwa limesimama juu ya kilima, nalijua, lina taa moja. Wanawake wakaanza vigelegele. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Ukakaa pale. Mtu mmoja akashuka kutoka juu ya mzigo. Wewe mwenyewe ukashuka, ukasimama, ukatutazama. Kisha ukapanda, ukageuza lori, ukaondoka. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, maana wengine hawakuwa wameona vizuri.

Kama usingekuja ningesema ana kazi, ana homa, amefungwa. Lakini wewe ulisafiri njia yote ile ili uje kunikataa mbele ya macho ya watu wangu. Mama alifunga mwavuli.

Usiniandikie.

R.

---

Kasongo, tarehe 9 Septemba 1952

Régina,

Umesema nisikuandikie, nami ninaandika. Soma hata kama ni kwa hasira.

Hakuna mwanamke. Sijawahi kuwa naye, na kwa hali niliyo nayo asingenitaka hata bure.

Siku ile nilitoka Kasongo nimeoga, lori limeoshwa, kanga yako na kitambaa cha mtoto kwenye kiti. Nilipita Lusangi, ninakumbuka. Baada ya Lusangi kuna lile daraja la magogo ambalo tunalivuka polepole, gurudumu kwa gurudumu, hata madereva wa zamani hushuka kwanza kulitazama. Mimi nilikuwa namtafutia mtoto jina. Halafu nikajikuta juu ya kilima cha Kabambare nimesimama, na watu wanapiga mabati kwa ngumi nyuma ya kichwa changu.

Alishuka mama mmoja mzee niliyempakia njiani na vibuyu vyake. Akaniambia, "Baba, pale darajani ulipita mbio. Tuliita, tulipiga mabati, haukujibu. Macho yako ilikuwa wazi. Miye nilisema mutu huyu amekufa na iko anaendesha." Nikashuka nikatazama mbele ya lori. Kulikuwa na mti mchanga umenasa kwenye chuma, na mizizi yake. Sijui niliung'oa wapi.

Kisha nikawaona ninyi kule chini. Nikauona mwavuli.

Régina, kama ningeshuka, mama yako angemtia mtoto mikononi mwangu mbele ya watu wote, mngepanda, nanyi mngekaa karibu nami kwenye kiti kile. Na mimi nisingekuwa na mdomo wa kukataa. Ningesema kimoyomoyo, leo tu, nitakaza macho. Najijua. Ningewapakia. Ndiyo maana niligeuka. Kwamba ningeweza kuacha lori pale na kushuka kwa miguu, niliwaza baadaye sana. Pale kilimani sikuwaza, niliogopa tu.

Nilirudi mpaka Lusangi nikiimba kwa kelele, gari linatambaa, nikaliacha kwa kapita wa pale. Atumani ndiye aliyekuja kulichukua. Nimemrudishia patron funguo. Sijui nina nini. Sasa sioni haya tena kusema ninaogopa.

Hippolyte

---

Kambi ya wagonjwa, nje ya Kasongo, tarehe 28 Septemba 1952

Régina,

Hujajibu. Nakuandikia kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumwandikia.

Atumani alinishika mkono akanipeleka kwa muuguzi, anaitwa Antoine. Huyo hakuuliza mengi. Alinipapasa shingo, akapata tezi zimevimba nyuma, kama punje za mahindi. Akasema, "Wakati tunapima shingo za watu vijijini, weye uko njiani kila mara, sivyo? Madereva wote vile vile. Mbung'o anaingia ndani ya gari, anasafiri bure, anawauma." Wakanidunga sindano ya mgongo, wakatoa maji, daktari akayatazama. Ni ugonjwa wa usingizi. Umekuwamo mwilini muda mrefu, labda kabla hata wewe hujashika mimba. Tulikuwa tunacheka nao, Régina. Gereji nzima, mama yako, wanawake wa kisimani, na mimi niliyecheka kuliko wote.

Tupo wengi hapa. Mmoja anacheka peke yake, mwingine anaamka akiuliza amefika wapi, kumbe hajatoka kitandani. Jioni kila mtu anakaa mbele ya kibanda chake na hakuna anayezungumza na mwenzake. Nikikumbuka mlango wa nyumbani niliokuwa naongea nao, naona nilikuwa tajiri.

Dawa ipo, watu wanapona. Lakini Antoine hakunificha. Ni dawa kali, na kuna watu inawaponya lakini inawachukua macho. Nimeomba daktari angoje kidogo. Mimi sijamwona mtoto. Nilimwona kutoka kilimani tu, kifurushi mgongoni kwako. Nilitaka nimtazame kabla ya sindano, basi, hata mara moja.

Najua desturi yenu. Baba ndiye anayekwenda kuchukua, na mimi siwezi kutoka hapa, wala sina lori. Kwa hiyo sikuombi uvunje kitu. Nakueleza tu ninachokitamani, kama nilivyokuwa nakueleza zamani.

Hippolyte

---

Getini kwenye kambi, tarehe 19 Oktoba 1952

Baba mtoto,

Ninaandika juu ya goti. Mlinzi hataki kutuingiza mpaka daktari arudi kutoka mjini, lakini Antoine amekubali kukuletea karatasi hii, na kukusomea kama macho yako ni mazito.

Barua yako ya daraja niliichana nusu sijaimaliza. Nilisema ni uongo, madereva wana uongo mtamu. Siku chache baadaye akaja kwetu mama mzee kuuza mafuta, akakaa, akaanza kusimulia bila kuulizwa habari ya dereva aliyempitisha darajani macho wazi na roho haipo. Akasema, "Alipoona watu wanamungoja kule chini alilia kama mutoto." Hilo wewe hukuniandikia. Niliziokota zile karatasi nikaziunganisha.

Ndipo ikafika barua yako ya kambi. Nikamwambia mama yangu ninakwenda. Akasema, "Mutoto ya kwanza haitoki bila baba yake. Watu watasema nini?" Nikamjibu kwamba watu wamekwisha kusema yote, hakuna kilichobaki. Aliondoka, nikadhani amekasirika. Asubuhi nilimkuta mlangoni, mtoto yuko mgongoni kwake, mwavuli mkononi. "Weye hauwezi kubeba mutoto na mizigo," akasema, akatangulia.

Tumetembea, tumelala kwa watu, tumepakiwa kidogo na dereva mmoja ambaye mama alimsemesha njia nzima ili asisinzie, maskini, alishuka masikio yanamuuma. Kila kijiji waliniuliza, "Bwana yako iko wapi? Nani amekuja kukuchukua?" Mwanzoni nilikuwa naona haya. Baada ya Lusangi nikawa nawajibu kwamba mimi ndiye niliyetoka kwenda kumchukua.

Antoine ananiambia daktari hakuweza kungoja, sindano ya kwanza ulidungwa Alhamisi. Nilikaa chini hapa hapa kwenye vumbi. Nikamuuliza, anaona? Akasema bado ni mapema kujua, zimebaki sindano nyingi. Akaongeza kwamba leo asubuhi ulipewa uji, ukautazama, ukasema, huu uji ni maji matupu. Basi unaona! Nililia mbele ya mlinzi kwa ajili ya uji.

Anasema sasa umelala. Mwache Antoine akuamshe, nimempa ruhusa mimi mkeo. Njoo mpaka kwenye ua. Mama atamwinua mtoto juu, umtazame mpaka ushibe, umpe jina, tulisikie huku nje.

Tumekuja kukuchukua, Hippolyte. Wasipokuachia leo tutakaa hapa hapa mpaka wakuachie.

Régina